Somo kwa Makatibu: Bushi za Usukani wa Pikipiki ya Chama



Katika vyama vingi vya msingi, pikipiki ndiyo miguu ya Katibu. Ndiyo impelekayo benki, ndiyo imfikishayo kwenye vituo vya kupokelea mazao, na ndiyo ibebayo vitabu vya chama siku ya ukaguzi. Hata hivyo, katika kazi yangu nimeona kwamba chombo hiki huandikwa katika daftari la mali siku kinaponunuliwa, kisha husahauliwa mpaka kianze kula fedha. Somo letu la leo linahusu vipande vidogo vya raba vilivyomo chini ya usukani wa pikipiki. Vipande hivyo hutosha katika kiganja cha mkono, lakini vikichoka huweza kuhatarisha maisha ya mpandaji, fedha ya wanachama, na hata jina jema la mtu.

Hoja ya ukaguzi iliyozaa somo hili

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko milimani. Katika hati za malipo za mwaka mmoja nilikuta pikipiki ya chama imenunuliwa beringi za shingo mara mbili na tairi la mbele mara moja. Kila hati ilikuwa na sababu ile ile: usukani unacheza. Wajumbe wa Bodi walikuwa wamekwisha kuamua mioyoni mwao. Walisema hakuna pikipiki inayomaliza jozi mbili za beringi kwa mwaka mmoja, na kwamba Katibu ameigeuza pikipiki kuwa shamba lake. Kikao cha kumsimamisha kazi kilikuwa kimepangwa wiki iliyofuata.

Katibu yule hakubishana nami. Alikwenda stoo akarudi na mfuko mtupu wa saruji, akaumimina sakafuni. Humo alikuwa amehifadhi kila kipuri kilichotolewa: beringi zote za zamani, na tairi limekunjwa kando. Kila kilichoandikwa katika hati kilikuwa kimenunuliwa kweli. Lakini tulipotoka nje na kuushika usukani, ulikuwa bado unacheza. Basi fedha ya wanachama haikuibwa. Ilitumika kutibu ugonjwa ambao haukuwapo. Fundi alipofungua vishikio vya usukani, bushi zilizokuwa chini yake zilitoka zimesagika kama makombo ya muhogo mkavu.

Kikao cha kumsimamisha hakikufanyika. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kama asingehifadhi vipuri vile katika mfuko wa saruji, ningeandika nini katika taarifa yangu? Kwa sababu hiyo naona inafaa kila Katibu, na kila mjumbe aidhinishaye malipo, aelewe jambo hili.

1. Bushi za usukani ni nini, na kazi yake ni ipi?

Usukani wa pikipiki haukai wenyewe juu ya shingo. Umebanwa na vishikio viwili vya chuma, na kila kishikio kina mguu unaopita katika tundu la bamba la juu, yaani lile bamba linaloziunganisha shokapu mbili za mbele. Katika pikipiki nyingi za silinda moja tunazotumia, mguu huo haugusani na bamba moja kwa moja. Katikati yao huwekwa bushi za raba, moja juu na moja chini, zenye umbo la kofia yenye ukingo. Aghalabu ndani ya bushi kuna bomba fupi la chuma, na chini ya vyote kuna washa na nati.

Kazi ya raba hiyo ni kuumeza mtetemeko. Injini ya silinda moja hutikisika kwa asili yake, na barabara ya changarawe yenye matuta kama bati huongeza mtikisiko mwingine. Pasipo raba, mtetemeko wote hupanda mpaka kwenye vipini na kuingia mikononi. Kwa hiyo watengenezaji wanapoweka raba mahali hapo hawakusudii kupunguza gharama. Wanakusudia kuilinda mikono ya mpandaji.

Lakini raba inayomeza mtetemeko huacha pia usukani usogee kidogo, na mwendo huo mdogo huwa mkubwa unapofika mikononi. Tuchukue mfano. Kila kishikio kiko sentimeta 4.5 kutoka katikati, na kila kipini kiko sentimeta 35 kutoka katikati. Bushi zikilegea kiasi cha kuruhusu kishikio kimoja kisogee milimeta 1 mbele na kingine milimeta 1 nyuma, basi kipini kitasogea karibu milimeta 8 kabla gurudumu halijapata habari yoyote. Mpandaji anakata kona, lakini pikipiki inachelewa kumtii. Mbele ya ng'ombe aliyeingia barabarani ghafla, kuchelewa huko si jambo dogo.

2. Kwa nini bushi huchoka?

Raba huchoka kwa sababu nne zilizo kuu. Ya kwanza ni umri na joto la jua: raba hukauka na kupasuka hata kama pikipiki haikimbii sana. Ya pili ni mafuta: petroli na oili zikiinywesha raba ya kawaida, huivimbisha na kuilainisha. Ya tatu ni mzigo: mpandaji anayening'iniza mifuko au madumu kwenye usukani huzikandamiza bushi upande mmoja kila siku. Ya nne ni kukaza nati kupita kiasi. Fundi anapoona usukani unacheza, huongeza nguvu ya spana. Raba hutoka pembeni kama unga uliobanwa kiganjani, na baada ya wiki mbili usukani hucheza kuliko mwanzo.

3. Pima kabla ya kununua

Hii ndiyo sehemu kubwa ya somo letu. Maneno "usukani unacheza" yanataja dalili, hayataji ugonjwa. Dalili hiyo huletwa na mambo mengi, na kila moja lina dawa yake. Vipimo vifuatavyo havihitaji chombo chochote ila watu wawili na dakika kumi.

(a) Kipimo cha bushi. Simamisha pikipiki mahali tambarare, gurudumu la mbele likigusa ukuta. Msaidizi abane gurudumu kwa magoti yake. Wewe shika vipini viwili, usukume kimoja na kuvuta kingine, huku ukitazama pale vishikio vinapokutana na bamba la juu. Vishikio vikisogea ilhali bamba limetulia, ugonjwa uko kwenye bushi au nati zake. Kumbuka kwamba raba nzima nayo husogea kidogo, lakini hurudi mara moja. Raba iliyochoka husogea sana na hurudi kwa uvivu.

(b) Kipimo cha kubanwa. Sukuma usukani chini, kisha uuvute juu. Bomba la usukani likizunguka ndani ya vishikio, bolti za juu zimelegea. Hapa hakuna kipuri cha kununua. Kuna bolti za kukaza.

(c) Kipimo cha beringi za shingo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati ili gurudumu la mbele liwe hewani. Shika sehemu ya chini ya shokapu za mbele, uvute na kusukuma. Ukisikia mgongano shingoni, beringi zimelegea au zimekwisha. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unakwama kidogo katikati kama unaoingia katika shimo, beringi zimechimba njia zake na zapasa kubadilishwa.

(d) Kipimo cha gurudumu. Gurudumu likiwa bado hewani, lishike juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza juu ya ekseli yake, tazama beringi za gurudumu. Angalia pia spoki zilizolegea na upepo wa tairi, kwa maana tairi lenye upepo mdogo humfanya mpandaji aseme usukani ni mzito au unayumba.

Chama kile cha kahawa kiliruka kipimo cha kwanza kikaenda moja kwa moja dukani. Tutumie tarakimu za mfano tu, ambazo si bei za soko. Jozi ya beringi ikiwa Sh. 30,000, tairi Sh. 60,000 na bushi Sh. 10,000, chama kilitoa Sh. 120,000 kwa beringi mara mbili na tairi moja kabla ya kufikia kipuri cha Sh. 10,000 kilichohitajika. Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta. Sisi tulijenga kuta tatu, na ufa ukabaki palepale.

4. Kuchagua bushi mpya: ugumu wa kiasi gani?

Bushi zikithibitika kuwa zimechoka, kuna njia tatu za kufuata.

Njia ya kwanza ni raba mpya ya aina ile ile ya kiwandani. Inafaa wapandaji wengi. Yafaa kukumbuka kwamba mtu aliyezoea raba iliyochoka kwa miaka mitatu husahau jinsi raba mpya inavyoshika. Mara nyingi uthabiti anaoutafuta umo katika raba mpya, bila ya kwenda mbali zaidi.

Njia ya pili ni bushi za poliyurethani. Hii ni aina ya plastiki inayonyumbuka kama raba, lakini ni ngumu zaidi, na hustahimili oili na petroli vizuri kuliko raba ya kawaida. Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Raba laini za kumeza mtetemeko huwa karibu na 50 au 60, na poliyurethani za kazi hii huwa karibu na 80 hadi 95. Huko Marekani, wenye pikipiki za Harley-Davidson waliofunga usukani mrefu wa kwenda juu hubadili raba kwa poliyurethani kwa sababu hii hii: urefu wa usukani huongeza nguvu inayozikandamiza bushi, na raba laini huuacha usukani uyumbe. Kwetu sisi, njia hii yafaa pikipiki inayopita njia mbaya ikiwa na mzigo, pale bushi za kipimo chake zinapopatikana. Lakini tahadhari: rangi si ushahidi. Plastiki ngumu ya kawaida nayo huweza kutiwa rangi nyekundu au ya buluu. Bonyeza kwa ukucha. Poliyurethani hubonyea kidogo na kurudi, plastiki kavu haibonyei.

Njia ya tatu ni bushi za chuma au alumini zilizokerezwa na fundi. Usukani huwa imara kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Chama kile nacho kilinaswa humo. Baada ya raba kuonekana zimesagika, Mwenyekiti alisema wasinunue tena kitu cha kusagika, wakamwendea fundi mwenye kerezo akachonga bushi nne za chuma. Siku ya kwanza Katibu alifurahi, akasema sasa anaendesha pikipiki ya mwanamume.

Niliporudi baada ya msimu, kitu cha kwanza nilichokiona ni daftari la fedha. Mwandiko wa Katibu, uliokuwa mzuri miaka yote, ulikuwa umeharibika. Tarakimu ya 3 ilifanana na 8, na katika ukurasa mmoja jumla haikulingana kwa sababu hiyo. Nilipomwuliza, alinionyesha vidole vyake. Alisema kila anaporudi kutoka vituoni, vidole hufa ganzi, na hawezi kushika kalamu vema mpaka jioni. Vioo vya pikipiki navyo vilikuwa vikitetema hata asiweze kutambua gari linalomfuata, na bolti mbili zilikuwa zimejilegeza.

Ganzi hiyo si ya kudharauliwa. Mtetemeko wa mikono wa muda mrefu hujulikana kwa kuumiza mishipa ya fahamu na ya damu vidoleni, na ukiachwa uendelee, madhara yake huweza kudumu. Tena, pikipiki ikianguka, bushi ya raba hukubali kidogo na kupunguza kishindo. Bushi ya chuma huupeleka wote kwenye usukani na bamba, ambavyo ni ghali kuliko bushi.

Bodi iliamua kuzitoa za chuma na kuweka za poliyurethani, maana pikipiki ile hubeba mzani na vitabu kila juma. Kwa pikipiki yangu mwenyewe, ambayo huipanda saa nyingi bila ya mzigo mzito, nimebaki na raba ya kiwandani na sijajuta. Kanuni ni hii: chukua ugumu unaotosha kazi yako, usichukue ugumu wote unaouzwa.

5. Namna ya kuzifunga

Kazi hii ni ya fundi, lakini Katibu asimame karibu na kuona yafuatayo yakifanyika.

(a) Pikipiki isimame imara, na tangi lifunikwe kwa kitambaa kinene. Njia za nyaya zitazamwe vema kabla ya kufungua chochote.

(b) Bolti za juu zifunguliwe, usukani ulazwe juu ya kitambaa. Kama breki ya mbele ni ya mafuta, kopo lake libaki wima ili hewa isiingie, na mafuta yake yasimwagike, kwa maana huharibu rangi.

(c) Nati za chini ya bamba zifunguliwe, vishikio vitolewe, na bushi za zamani zisukumwe nje. Matundu yasafishwe kutu na mabaki ya raba.

(d) Bomba fupi za chuma na washa zikaguliwe na kurudishwa. Jambo hili hupuuzwa mno. Bomba hilo ndilo linaloweka kikomo cha kubanwa kwa raba. Likipotea, nati itaisaga bushi mpya kama ilivyoisaga ya zamani.

(e) Bushi mpya zikiwa ngumu kuingia, zipakwe maji ya sabuni. Zisipakwe oili wala grisi ya kawaida.

(f) Nati za chini zifungwe kwa mkono kwanza. Usukani urudishwe na kulinganishwa, bolti za juu zikazwe, ndipo nati za chini zikazwe mwisho, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Palipokuwa na pini ya kufungia, iwekwe mpya. Palipokuwa na waya wa athi uliofungwa kwenye usukani, urudishwe.

(g) Usukani ugeuzwe kushoto na kulia hadi mwisho. Waya wowote usivutike. Injini ikiwa imewashwa, mlio wake usipande usukani unapogeuzwa. Ukipanda, waya wa mafuta umebanwa, na pikipiki isiondoke hapo.

Baada ya hayo, pikipiki ijaribiwe polepole mahali patupu, breki zikijaribiwa pia. Nati zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi, kwa kuwa bushi mpya hukaa vizuri mahali pake baada ya kutumika.

Zipo pia dawa za uongo. Kujaza vipande vya tyubu ya zamani pembeni mwa bushi, kufunga usukani kwa waya wa kufungia, au kuongeza washa juu ya washa ni kuificha dalili. Mpandaji hudanganyika kwamba amepona, mpaka siku ya mteremko.

6. Kumbukumbu za chama

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Hati ya malipo ya kipuri chochote iwe na mambo manne: dalili iliyoonekana, kipimo kilichofanywa na matokeo yake, kipuri kilichonunuliwa pamoja na stakabadhi, na jina la aliyeshuhudia kazi ikifanyika. Badala ya kuandika "usukani unacheza", andika: "Vishikio vinasogea juu ya bamba, beringi za shingo zimepimwa, ni nzima, bushi zimebadilishwa." Sentensi hiyo moja humsaidia mjumbe kuidhinisha kwa kuelewa, na humlinda Katibu anapoulizwa baadaye.

Kipuri cha zamani kifungwe kwenye mfuko, kiandikwe tarehe na namba ya hati, na kihifadhiwe mpaka ukaguzi upite. Katika daftari la safari, Katibu aandike kilometa za siku bushi zilipofungwa. Hivyo chama kitajua zimedumu kiasi gani, na kitaweza kuzitia katika makisio ya mwaka unaofuata badala ya kushtukizwa.

Ndugu Wajumbe wa Bodi, nanyi mna wajibu. Kabla ya kumshuku mtumishi wenu, tokeni nje mkaushike usukani. Na wewe Ndugu Katibu, usingoje kushukiwa ndipo uanze kuhifadhi ushahidi. Katibu yule wa milimani angali kazini, na mfuko wake wa saruji umekuwa sanduku la mbao lenye kufuli, ambalo ufunguo wake hukaa kwa Mwenyekiti.

Maswali ya kujadili katika kikao cha chama

1. Pikipiki ya chama chetu ilinunuliwa vipuri gani mwaka uliopita, na kila kimoja kilitanguliwa na kipimo gani?

2. Fanyeni vipimo vinne vya sehemu ya 3 mbele ya wajumbe. Andikeni matokeo katika kumbukumbu za kikao.

3. Mpandaji wetu hukaa juu ya pikipiki saa ngapi kwa juma, na hubeba nini? Kwa kazi hiyo, bushi za aina ipi zinafaa?

4. Je, vipuri vya zamani vya chama chetu viko wapi sasa?